Risala ya Sigor Kuhusu Ndimi za Wenye Timu

KWA: Shirikisho la Kandanda la Kenya (FKF) na tawi lake la Bomet, Wizara inayosimamia michezo, Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano (NCIC), Idara ya michezo, Serikali ya Kaunti ya Bomet.

KUTOKA: Wachezaji, makocha na mashabiki wa timu za mpira za Sigor, eneo bunge la Chepalungu.

YAH: Adhabu zinazotolewa wenye timu wanapotukana watu.

Waheshimiwa,

Mwenye timu alishika kipaza sauti uwanjani, akatukana watu, kamati ikakaa, adhabu ikatoka. Mkiishia hapo mtadhani haki imetendeka na karatasi hii haina kazi. Tunawaomba msiishie hapo, kwa sababu adhabu yenyewe ilimruka aliyetukana ikatuangukia sisi.

Ilikuwa hivi. Msimu uliopita tulifungwa nyumbani na timu iliyokuwa na vijana kutoka upande wa Borabu na wengine kutoka Narok. Mfadhili wetu, ambaye hatutamtaja kwa kuwa madai yetu ni mapana kuliko jina lake, alichukua kipaza sauti kilichokuwa kimewekwa kwa ajili ya kukabidhi zawadi. Akawaita wale vijana kwa jina ambalo mtu yeyote wa huku anayekumbuka ghasia za Januari 2008 analijua. Hakutosheka. Akaigeukia timu yetu ya wasichana, iliyokuwa imecheza mechi ya kwanza siku ile, akatoa kauli juu ya miili yao ambayo hatutaiandika kwenye karatasi itakayosomwa na mama zetu.

Kamati iliyosimamia mashindano hayo ilichukua hatua, hilo hatulikatai. Timu ikapokonywa alama. Uwanja wetu ukafungwa kwa mechi zote za nyumbani zilizosalia. Tukatozwa faini. Yeye akapewa onyo la mdomo, na mechi iliyofuata, ambayo tuliifuata ugenini kwa nauli yetu wenyewe, tulimkuta ameketi kwenye hema la wageni waheshimiwa akinywa soda. Faini tuliichanga. Kuna aliyeuza mbuzi. Kuna waliopanda mpaka Mogogosiek kuchuma majani chai kwa kilo. Kuna ambao maziwa ya asubuhi, badala ya kwenda kwenye ushirika, waliyauza barabarani kwa vikombe ili pesa ipatikane siku hiyohiyo. Wasichana hawakuitwa kutoa ushahidi. Vijana wa Borabu hawakuitwa. Walipata habari za uamuzi kama walivyozipata wapita njia.

Hatuandiki kumtetea. Alichosema kilistahili adhabu, na kwa maoni yetu adhabu nzito kuliko onyo. Tunachouliza ni hili: mwenye timu akitukana, nani hasa anaadhibiwa, kwa kipimo gani, na yule aliyetukanwa anapata nini? Tumeyatafuta majibu mbali na karibu, na kila tulipofika tumekuta adhabu inapima mambo mawili tu, kelele zilizopigwa na cheo cha aliyetukanwa. Jeraha halipimwi.

Kwanza tueleze timu ya kijiji ina mwenyewe gani, maana kwenye makaratasi hana. Gor Mahia na AFC Leopards ni za wanachama. Tusker, Bandari na KCB zina kampuni na mashirika nyuma yake. Sofapaka na Kakamega Homeboyz hutajwa pamoja na majina ya watu wanaozigharimia. Huku chini mwenye timu ni yule aliyenunua jezi na mpira, anayelipa matatu na chakula cha mchana. Mara nyingi anatafuta kura. Mara nyingine ni mfanyabiashara wa mahindi au ng'ombe, au mkulima aliyepata bonasi nono ya chai mwezi wa Oktoba akaona ni wakati wa kujulikana. Mkono mtupu haulambwi, na wa kwake umejaa, kwa hiyo hakuna wa kumwambia anyamaze. Kocha anatazama chini. Nahodha anapiga makofi. Tunasema hivyo kwa kuwa nahodha wetu alipiga makofi siku ile, na ni mmoja wa waliotia sahihi hapa.

Na kwa sababu hajaandikishwa popote kama kiongozi wa klabu, kanuni hazimwoni. Sheria za nidhamu za mpira, kuanzia FIFA kushuka, zinawabana wachezaji, viongozi, marefa na klabu. Mtu aliye nje ya orodha hiyo anahesabiwa kama shabiki, na kosa la shabiki linalipwa na klabu. Ndiyo njia ambayo ulimi wa mtu mmoja mwenye shamba na lori umegeuka kuwa deni la vijana ambao hata viatu vya mpira wanaazimana. Kamati inaweza kusema ilifuata kanuni, na huenda ni kweli. Basi kanuni ndiyo yenye kasoro.

Kuna watakaosema maneno ni upepo. Watu wa hapa hawawezi kusema hivyo. Chepalungu imepakana na Narok, na jirani zetu wa Sotik wamepakana na Borabu. Mwanzoni mwa 2008 nyumba ziliteketezwa pande zote mbili za mpaka ule, na soko la Chebilat likawa mahali pa kuogopwa. Yaliyotangulia moto yalikuwa maneno, tena mengi yalisemwa kwenye viwanja vyenye watu wengi na vipaza sauti. Januari 2022 aliyekuwa Seneta wa Meru, Mithika Linturi, alikamatwa kwa alichokisema kwenye mkutano wa siasa katika uwanja wa Eldoret Sports Club, na miezi michache baadaye NCIC ikatoa orodha ya maneno ya chuki ambayo neno alilolitumia limo. Mfadhili wetu alilitumia lilelile. Wale vijana wa Borabu walirudi nyumbani jioni ile kwa bodaboda, wakipita vituo ambako kila mtu alikuwa ameshasikia walivyoitwa.

Tulipokaa kuandaa risala hii, mfano wa kwanza kutajwa ulikuwa wa Marekani, na wengi wetu tulitaka uigwe ulivyo. Aprili 2014 ilisikika sauti ya Donald Sterling, mmiliki wa timu ya mpira wa kikapu ya Los Angeles Clippers, akimkataza rafiki yake wa kike kuja na watu weusi kwenye mechi zake. Sauti ilitangazwa tarehe 25. Tarehe 27 wachezaji wa Clippers, wakiwa Oakland kucheza na Golden State, walivua fulana za kupashia mwili moto wakazitupa katikati ya uwanja, na zile za ndani wakazivaa kinyume ili jina la timu lisionekane. Tarehe 29 kamishna wa ligi yao, NBA, Adam Silver, ambaye alikuwa hajamaliza hata miezi mitatu kazini, alimfungia Sterling maisha na kumtoza dola milioni 2.5, kiwango cha juu kabisa ambacho katiba ya ligi iliruhusu. Siku nne tu. Mtu akiangalia kutoka Sigor, ambako barua ya malalamiko inaweza kukaa msimu mzima kwenye droo, anatamani.

Lakini kijana mmoja wetu anayesomea sheria alituomba tuisome hadithi yote. Sterling aliinunua timu hiyo 1981 kwa dola milioni 12.5. Baada ya kufungiwa, timu iliuzwa kwa bilionea Steve Ballmer kwa dola bilioni 2. Adhabu ikampeleka nyumbani tajiri kuliko alivyokuwa. Na kuna la zaidi. Mwaka 2009 Sterling alikubali kulipa zaidi ya dola milioni 2.7 kumaliza kesi iliyofunguliwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, iliyomshtaki kwamba aliwabagua Waamerika weusi na watu wa asili ya Amerika ya Kusini katika kupangisha nyumba zake. Alilipa bila kukiri kosa. Ligi haikumgusa. Madai ya kuwafungia watu milango ya nyumba hayakumgharimu timu. Sentensi chache alizosema chumbani zilimgharimu. Tofauti ni kwamba kesi ya nyumba ilisomwa na wachache, na sauti ilisikika duniani kote.

Linganisha na Robert Sarver, mmiliki wa Phoenix Suns, timu nyingine ya NBA. Uchunguzi dhidi yake ulichukua miezi kadhaa na watu zaidi ya 300 walihojiwa. Ulikuta kwamba kwa miaka mingi alikuwa ametumia lugha ya ubaguzi wa rangi mbele ya wafanyakazi wake na kuwadhalilisha wanawake. Septemba 2022 alifungiwa mwaka mmoja na kutozwa dola milioni 10. Makosa yalikuwa mengi zaidi, yalidumu zaidi, yalithibitishwa kwa utulivu zaidi, na kifungo kilikuwa kifupi. Hakukuwa na sauti ya kusambaza. Ni wadhamini na wachezaji walioendelea kulalamika, na wiki iliyofuata Sarver akatangaza anauza. Naye hakuuza kwa hasara.

Uingereza nako, mwaka uleule wa 2014 Sterling alipofungiwa, Dave Whelan, mmiliki wa klabu ya Wigan Athletic, alitoa kauli za kuwadharau Wayahudi na Wachina katika mahojiano na gazeti. Chama cha soka cha huko, FA, kilimfungia wiki sita na kumtoza faini ya pauni 50,000. Kwa mtu aliyekuwa na maduka ya michezo nchi nzima, pauni 50,000 ni nini? Kwetu faini ya mfuko wa mbolea inaumiza kuliko hiyo ilivyomuuma Whelan.

Sasa tuje karibu. Julai 2022 Kamati ya Maadili ya shirikisho la soka la Tanzania, TFF, ilimfungia Haji Manara, aliyekuwa msemaji wa klabu ya Yanga, miaka miwili na kumtoza shilingi milioni 20 za Tanzania. Kosa lake lilikuwa lugha aliyomtolea Rais wa TFF, Wallace Karia, siku ya fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam iliyochezwa Arusha. Manara hakuwa mmiliki wa Yanga, na hatujui kila kilichosemwa pale jukwaani. Tunaleta mfano wake kwa ajili ya hesabu tu. Kanuni za nidhamu za FIFA zinataja kifungo cha angalau mechi 10 kwa mtu anayemtusi mwingine kwa rangi, kabila, jinsia au dini. Mechi 10 ni kama theluthi moja ya msimu. Kumkosea rais wa shirikisho kulimgharimu mtu misimu miwili. Whelan alizikosea jamii mbili nzima za watu akakaa nje wiki sita. Mkiziweka adhabu hizi mezani pamoja, mtaona kwamba aliyetukanwa akiwa na ofisi, adhabu ni nzito. Akiwa ni umma tu, ni nyepesi. Huku kwetu ni vivyo hivyo. Mwaka juzi kocha mmoja wa jirani alimwambia afisa wa mechi kwamba hajui mpira, akafungiwa msimu. Mfadhili aliyewaambia wasichana yale aliyowaambia alipata onyo.

Mzee mmoja aliyehudhuria kikao chetu alipinga hata kuandika risala hii. Alisema anayelisha timu ana haki ya kuikaripia, na kwamba mkianza kuwapima watu maneno hamtapata mtu wa kununua hata wavu wa goli. Tulimsikiliza kwa heshima, na sehemu ya hoja yake tumeichukua. Mwenye timu akisema beki wetu wa kulia amelala uwanjani, au kocha amepoteza mechi kwa ubishi, huko ni kukaripia, na hatutaki kamati yoyote imwite. Hata akisema kwa hasira, hata akimlaumu refa kupita kiasi. Uhuru wa kusema upo katika Kifungu cha 33 cha Katiba, na kifungu hichohicho kinautenga na matamshi ya chuki. Anayemtaja mtu kwa kabila lake ili afukuzwe, au kwa mwili wake ili adharauliwe, amevuka huo mpaka hata kama ndiye aliyenunua wavu.

Hoja nyingine ya mzee ilituweka muda mrefu. Je, aliyoyasema mtu kwake nyumbani, au kwenye kundi la WhatsApp la watu watano, yaadhibiwe pia? Sterling alirekodiwa akiongea faraghani. Wakati ule Mark Cuban, aliyekuwa mmiliki wa Dallas Mavericks, alionya kwamba ligi ikianza kuwapokonya watu timu kwa mambo ya chumbani, haitajua pa kusimama. Kikao chetu kiligawanyika, na hatutajifanya kwamba tulikubaliana wote. Msimamo wa walio wengi ni huu: neno la faraghani lisiadhibiwe peke yake. Lakini likifuatana na tendo, kama vile kijana kuachwa nje ya kikosi kwa kabila lake, au msichana kunyimwa nauli ambayo wavulana walipewa, basi sauti ile iwe ushahidi wa tendo, na tendo liadhibiwe. Hapo hata kesi ya nyumba za Sterling ingepata pa kuingilia.

Kuhusu adhabu kuangukia timu, hatuhitaji mfano wa ng'ambo, tunao Kericho. Zoo FC ilianza kucheza Ligi Kuu mwaka 2017, na watu wa nchi ya chai walitazama Gor Mahia na AFC Leopards wakija Kericho Green Stadium. Mei 2021 FIFA iliiondoa Zoo kwenye ligi kwa hatia ya kupanga matokeo. Kosa lile ni kubwa na tofauti na tusi, na waliolifanya walistahili kuondolewa. Lakini pamoja nao walikwenda makinda ambao hawakuwahi kupanga chochote ila safari ya mazoezini, na ukanda mzima ukabaki bila timu ya daraja hilo. Baadhi ya wanaocheza nasi leo waliacha shule wakiitazama Zoo kama mlango. Adhabu ya pamoja inaweza kukubalika pale uovu ulipopita mikononi mwa timu, uwanjani, ndani ya dakika 90. Tusi la mtu mmoja kwenye kipaza sauti halikupita mikononi mwetu.

Mtatuambia twende mahakamani. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13, inatoa faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Ni sheria nzuri, lakini inazungumzia rangi, asili, utaifa na kabila. Wasichana wetu hawamo. Kisha kuna Sheria ya Michezo ya 2013 iliyounda Mahakama ya Kutatua Migogoro ya Michezo. Mahakama hiyo husikiliza rufaa pale kanuni za shirika la michezo zinaporuhusu, au pale pande zote mbili zinapokubali kwenda huko. Mashindano ya kijiji hayana kanuni ya namna hiyo, na mfadhili hatakubali kushtakiwa kwa hiari yake. Isitoshe, kutoka Sigor kwenda Nairobi na kurudi ni nauli ya timu nzima kwa mechi mbili.

Kwa hayo yote, tunadai yafuatayo.

Mtu yeyote anayegharimia timu katika ligi za kaunti, au anayeandaa kombe lenye jina lake, aandikishwe na atie sahihi kwamba yupo chini ya kanuni za nidhamu kama kiongozi yeyote wa klabu. NBA iliweza kumfikia Sterling kwa sababu alikuwa ameshatia sahihi katiba ya ligi. Asiyetia sahihi asipewe kipaza sauti, hata kama ndiye aliyekikodi. Dai hili ni la haraka kuliko mengine yote. Uchaguzi ni Agosti 2027, na kila mwanakijiji anajua kinachotokea kwenye viwanja miezi ile: makombe yanachipuka kila wadi, fahali wanafungwa kamba kando ya goli kama zawadi, na kila mgombea anataka kusalimia watu kabla ya mpira kuanza. NCIC isisubiri mpaka itoe orodha nyingine ya maneno. Itume maafisa wake kwenye makombe hayo, si kwenye mikutano ya hadhara peke yake.

Adhabu ya maneno imfuate aliyeyasema. Timu isipokonywe alama wala kufungiwa uwanja kwa kauli ya mfadhili. Kama kuna viongozi wa timu waliomuunga mkono, waitwe kwa majina na waadhibiwe kwa majina. Nahodha wetu yuko tayari kuitwa.

Hatuombi kifungo cha maisha. Tunajua wapo kati yenu watakaoona huo ni woga, na wapo kati yetu pia. Los Angeles ilikuwa na foleni ya matajiri nje ya mlango wakiisubiri Clippers. Sigor hakuna Ballmer. Mfadhili akifungiwa maisha katikati ya msimu, jezi zinakwenda naye, matatu inakwenda naye, na timu inakufa kabla ya mzunguko wa pili. Aliyetukana atakuwa ametuadhibu mara ya pili kwa mkono wenu. Tunachotaka ni mechi 10 nje ya uwanja kama kima cha chini, kilekile cha FIFA, na asirudi mpaka awe ameomba radhi palepale alipotukania, kwa kipaza sauti, mbele ya timu zote mbili, kwa lugha aliyotukania. Barua ya radhi iliyoandikwa na wakili na kubandikwa Facebook haitoshi. Akirudia, jina lake litoke kwenye timu na kwenye kombe kwa misimu mitatu.

Ili mfadhili asitushike mateka kwa pesa zake, aweke amana kabla ya msimu kuanza. Gharama za msimu alizoahidi ziingie kwenye akaunti ya timu inayotiwa sahihi na watu watatu, mmoja wao mchezaji, na sehemu yake itengwe kwa ajili ya faini. Akitukana, faini itoke humo, na nauli ya mechi zilizobaki iwe salama. Faini yenyewe ipimwe kwa uwezo wa mtu. Asilimia fulani ya alichoahidi timu ni kipimo bora kuliko shilingi zilizoandikwa kwenye kanuni, ambazo zikimtosha mwenye duka la rejareja zitamchekesha mwenye lori sita.

Kiwango cha adhabu kichapishwe, kibandikwe kwenye kila ofisi ya michezo ya kaunti ndogo, na kiseme wazi kwamba kumdhalilisha mtu kwa kabila, jinsia, dini au ulemavu ni kosa zito kuliko kumkosea heshima afisa wa mpira. Maafisa wana njia nyingi za kujilinda.

Waliotukanwa wasikilizwe kabla ya uamuzi, na aliyeshtakiwa asikilizwe pia. Kifungo kilichotolewa ndani ya siku nne, kama cha Sterling, kilitufurahisha kwa sababu kilimpata mtu tusiyempenda. Siku kikimpata asiye na hatia hatutakifurahia, na Kifungu cha 50 cha Katiba hakichagui. Pesa za faini ziende kwa waliodhalilishwa. NBA ilisema faini ya Sterling itapelekwa kwa mashirika yanayopinga ubaguzi. Sisi hatuna haja ya shirika. Timu ya wasichana haina mpira wake. Inatumia ule wa wavulana wakishamaliza.

Wizara ipeleke Bungeni marekebisho ili Mahakama ya Kutatua Migogoro ya Michezo ipokee malalamiko ya wachezaji wa ngazi za chini bila kusubiri idhini ya upande wa pili, na isikilize kesi hizo kaunti kwa kaunti, au kwa njia ya video kutoka Bomet. Sheria ya Uwiano nayo iongezwe jinsia na ulemavu. Tunajua hili litachukua muda. Hayo mengine hayahitaji Bunge. Yanahitaji mkutano mmoja wa kamati na mtu wa kupiga chapa.

Tunaomba jibu kabla ratiba ya msimu ujao haijatolewa. Likikosekana, tutacheza, maana mpira ni wetu, lakini jezi tutazivaa ndani nje na hakuna jina la mfadhili litakaloonekana, wala hatutasimama kupigwa picha naye. Timu ya wasichana imesema itafanya hivyo iwe jibu limekuja au halijaja, na hatukuona sababu ya kuwazuia.

Kuhusu msimu uliopita, alama hatuzidai tena. Ligi imekwisha, waliopanda wamepanda kwa jasho lao, na si haki kuwashusha kwa kosa la mtu wetu. Pesa tunazidai. Zilitozwa kwa kosa ambalo hatukulifanya, na zirudishwe na aliyelifanya kwa wale waliozitoa. Orodha yao, kila mmoja na kiasi chake, ipo kwa mweka hazina, na italetwa siku mtakayoiita.

Tumetia sahihi:
Nahodha, kwa niaba ya timu ya wavulana
Nahodha, kwa niaba ya timu ya wasichana
Katibu, kwa niaba ya makocha na mashabiki
Sigor, Kaunti ya Bomet